Vyuo vya Kisanskriti chini ya Waingereza: tasnifu nianzie wapi?

mwanagenzi_dsm
Wakuu, shikamooni. Nasoma uzamili wa historia. Nimeandika kwamba Mwingereza alianzisha vyuo vya Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindu, huko India ili kuua utamaduni wa Wahindi. Msimamizi amenirudishia kazi, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Lugha unaiuaje kwa kuijengea chuo?" Nimekosa usingizi. Naombeni mwongozo.

MzeeWaMaktaba
Marahaba. Msimamizi ana hoja. Anzia mji wa Benares, India, 1791. Jonathan Duncan, mwakilishi wa Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya Waingereza iliyotawala huko, aliona mahakama zinawahukumu Wahindu kwa sheria zao kwenye ndoa na mirathi, na sheria zenyewe zimo katika Kisanskriti. Jaji Mzungu hasogei bila pandit, yaani mwanazuoni wa Kihindu, wa kumsomea. Chuo kilikuwa cha kumtoa huyo pandit. Fuata mahitaji ya mahakama, sura ya kwanza unayo.

BiRukia
Mwanangu, usimwache Ram Mohan Roy. Desemba 1823, chuo cha Kisanskriti cha Calcutta kikiwa mbioni kufunguliwa, alimwandikia Gavana Mkuu Amherst kukipinga. Mhindi, tena anayekijua Kisanskriti! Alitaka pesa ziende kwenye hisabati, kemia na anatomia. Akatoa mfano wa neno *khadati*, yaani "anakula": vijana watamaliza miaka wakibishana kama maana imo katika neno zima au katika vipande vyake. Ichukue "anakula" yetu, ikate a-na-kula, utaona alichokuwa anasema. Mimi nafundisha sarufi, barua ile iliniuma, lakini namwelewa. Chuo kikafunguliwa vilevile, 1824.

mwanagenzi_dsm
Kumbe kuna Wahindi waliokikataa wenyewe! Hapo ndipo nilipokosea, niliwaandika kama watu waliokaa kimya tu.

MzeeWaMaktaba
Ndiyo hapo. Na wengine walikigeuza kutoka ndani. Ishwar Chandra Vidyasagar alisoma pale Calcutta, akawa mkuu wa chuo 1851. Mlango uliokuwa wa matabaka ya Wabrahmin na Wavaidya tu akaanza kuwafungulia watu wa matabaka mengine. Macaulay, afisa Mwingereza aliyetaka chuo hicho kifutwe 1835, mpe kurasa chache. Kila mwanafunzi anaanza naye, na anawafunika wenye chuo.

BiRukia
Naunga mkono. Barua ya Roy isome yote, usitegemee vipande vilivyonukuliwa na wengine.

mwanagenzi_dsm
Asanteni sana, Mungu awabariki. Naisoma usiku huu. Ijumaa nampelekea msimamizi sura mpya, inaanza na *khadati*.