Dawa za nano: zitatufaa Mombasa au ni za matajiri?

Fundi wa Buxton: Daktari mmoja kijana alitusomesha juzi mambo ya dawa za nano, zile za chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nauliza wenzangu: kaunti ikipata pesa, inunue hizo au inunue glavu na maji ya dripu kwanza? Mie nasema glavu. Mwaka jana mke wangu akiwa na uchungu, nilitumwa duka la dawa saa nane za usiku nikanunue glavu, pamba na sindano.

Mama Zuhra: Pole, kaka. Lakini usituambie saratani ingoje. Marehemu mama alitiwa ile dawa nyekundu, doksorubisini. Uvimbe ulinywea, moyo ukachoka. Na dawa hiyohiyo ipo iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta vya kama nanomita 100, na unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000! Vitone hupenya kwenye mishipa ya uvimbe, ambayo huwa inavuja, na moyo ukasalimika zaidi. Marekani waliipitisha 1995. Mama tulimzika 2016.

Abu Salim: Mafuta ya nini?

Mama Zuhra: Ya soya, pamoja na kolesteroli.

Abu Salim: Kolesteroli ya mnyama gani?

Kijana wa Likoni: Ndiyo yaleyale ya wakati wa korona. Watu wanakufa, nyinyi mwauliza mnyama gani.

Abu Salim: Chunga ulimi, mwanangu. Nauliza kama ninavyouliza nyama buchani. Korona nilichanjwa mara mbili, tena nilipanga foleni kutoka alfajiri. Usinitie kwenye kapu la wakataaji.

Nesi Mstaafu: Mzee Abu ana haki ya kuuliza. Chanjo za Pfizer na Moderna ndizo zilizobebwa na vitone vya mafuta vya namna hiyo. AstraZeneca, iliyotufikia kwanza Machi 2021, haikuwa navyo. Ilitumia kirusi kisichoweza kuzaana mwilini. Kampuni zote tatu zilisema hamna kitu cha nguruwe. Tena Fundi, nano si ya matajiri peke yao. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole, ule mstari mwekundu kwa vingi huwa ni chembe za dhahabu za nano. Nimepima watoto kwavyo miaka na miaka.

Kijana wa Likoni: Mzee Abu, babu yangu aliuliza vivyo hivyo, mafuta ya nini. Barazani wakamjibu ya nguruwe, akakataa sindano. Tukamzika mwaka huohuo. Nikilisikia swali hilo damu hunichemka.

Abu Salim: Mungu amrehemu. Basi wa kulaumiwa ni waliomjibu bila ujuzi, si swali lake.

Fundi wa Buxton: Mama Zuhra, umeniuma. Sikusema mgonjwa wa saratani angoje. Nilisema mzazi asikose glavu.

Mama Zuhra: Uliandika "glavu kwanza". Aliye wa pili ndiye anayengoja, kaka. Mama alingoja.

Fundi wa Buxton: Basi nifute "kwanza". Ila mtu anijibu, chupa moja ya hiyo dawa ya vitone ni bei gani?

Abu Salim: Nami sijajibiwa. Za chanjo nimesikia. Ya dawa ya saratani, kolesteroli yake yatoka wapi?