Niliagiza saa ya milimita 38, nimeletewa ya 46 na kuambiwa ndiyo ya wanaume

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikitumaini litaisha kwa mazungumzo, lakini limegoma, na sasa nalileta hapa kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyetendewa hivi. Mwezi uliopita niliagiza saa ya mkononi kwa muuzaji mmoja wa hapa Dar es Salaam anayefanya biashara yake mtandaoni. Kabla ya kulipa nilimuuliza kwa maandishi upana wa saa yenyewe, bila kuhesabu ule ufunguo wa pembeni, naye akanijibu kwa maandishi kuwa ni milimita 38. Nikalipa fedha yote. Bodaboda alipoileta na nikafungua boksi, jicho tu lilinitosha kujua kwamba nimedanganywa, ila nilichukua rula kwa ajili ya ushahidi. Ilisoma milimita 46. Nilipompigia muuzaji hakukana hata kidogo, bali alinijibu hivi: "Kaka, hiyo ya 38 ni ya kike. Nimekuwekea ya wanaume, utanishukuru."

Sijamshukuru, wala sitamshukuru. Mzunguko wa kifundo cha mkono wangu ni sentimita 16, nimeupima kwa futi ya fundi cherehani. Nikiulaza mkono mezani, upana wake wa juu ni kama sentimita 5 tu, na saa niliyoletewa, kutoka ncha moja inaposhika mkanda hadi ncha ya pili, ina milimita 55. Maana yake ni kwamba ncha zote mbili zinapita ukingo wa mkono na kuning'inia hewani, huku mkanda ukishuka wima badala ya kuuzunguka mkono. Niliijaribu nusu saa tu, nikiwa ndani ya nyumba. Mkono wa shati haukufungika juu yake, na nilipoegemea meza kuandika, ufunguo ulinichimba nyuma ya kiganja mpaka ukaacha alama.

Tena hii si mara ya kwanza. Miaka mitatu iliyopita, katika duka lenye kabati za vioo na taa kila kona, niliomba nionyeshwe saa ndogo ya kiume, na kijana wa mauzo akamgeukia mwenzake wakacheka. Nilitoka na saa ya milimita 45, kwa sababu niliona aibu, na aibu hiyo inaniuma mpaka leo. Fundi alitoa pingili nne za mkanda ndipo ikakaa. Betri ilipokwisha nikamrudia, akafungua mfuniko wa nyuma mbele yangu. Mashine iliyokuwa ndani haikuzidi sarafu ya shilingi mia mbili, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa imejazwa na bangili ya plastiki nyeupe, ili mashine isicheze. Ndipo nikaelewa kwa nini dirisha la tarehe kwenye saa nyingi za aina hiyo limekaa karibu na katikati, mbali na ukingo: mashine ni ile ile ndogo, kilichoongezwa ni bati na plastiki, na mteja analipia ukubwa usio na kitu ndani.

Sasa tuizungumze hiyo kauli ya "ya kike", kwa sababu ndiyo silaha yao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wengi wa Ulaya walivaa saa ya mfukoni yenye mnyororo, na saa yoyote ya mkononi, iwe ndogo au kubwa, ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Askari waliokaa kwenye mahandaki kati ya 1914 na 1918 ndio waliolazimika kuifunga mkononi, kwa kuwa mtu mwenye bunduki hana mkono wa kuchomolea saa mfukoni. Kwa hiyo kauli wanayonirushia mimi leo kwa sababu ya milimita 38, wangeirusha zamani kwa kila mwanaume mwenye saa mkononi, wao wenyewe wakiwamo.

Na saa za wanaume zilizofuata hazikuwa sahani. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, ya mwaka 1932, ilikuwa na takriban milimita 31. Datejust ya Rolex ilitoka mwaka 1945 ikiwa na milimita 36, na kwa miongo mingi hicho kilikuwa kipimo cha saa ya mwanaume mwenye cheo chake. Mwaka 1972 Audemars Piguet walipotoa Royal Oak ya milimita 39, watu waliiona kubwa kiasi cha kuipachika jina la "Jumbo". Someni tena hapo: milimita 39 ilikuwa jumbo. Ile saa ya Rolex aina ya Daytona ya Paul Newman, mwigizaji na dereva wa magari ya mashindano, iliyonunuliwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, ina kama milimita 37. Kwa kipimo cha muuzaji wangu, Newman naye alivaa saa ya kike.

Sisemi kwamba saa kubwa ni kosa. Zilikuwapo tangu zamani na zilikuwa na kazi yake. Wanajeshi wa anga wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili walivaa saa za milimita 55 juu ya mkono wa koti nene la kurukia, na wazamiaji wa jeshi la majini la Italia walivaa saa za kampuni ya Panerai za milimita 47 ili wasome saa katika maji yenye giza. Saa hizo hazikuwa kwenye maduka ya kawaida. Mwaka 1993 ndipo Panerai walipoanza kuwauzia raia, na mwaka huo huo ikatoka Royal Oak Offshore ya milimita 42, nayo fasheni ikashika njia hiyo kwa takriban miaka 20. Anayependa ukubwa huo, na mwenye mkono wa kuubeba, avae kwa raha zake. Nina rafiki mwenye mkono mpana ambaye saa ya 44 inamkaa vizuri kabisa, na ya 36 ingepotea. Hayo ni mambo ya mkono na macho ya mvaaji.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata hiyo fasheni wanayonilazimishia imekwisha kugeuka huko inakotoka. Explorer ya Rolex, iliyokuzwa kutoka 36 hadi 39 mwaka 2010, ilirudishwa 36 mwaka 2021. Tissot walitoa PRX ya milimita 40, mwaka uliofuata wakaongeza ya 35. Tudor mwaka 2023 walileta Black Bay 54 ya milimita 37. Huku kwetu tunaletewa mabaki ya fasheni ya miaka 15 iliyopita na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo sura ya uanaume.

Kwa wauzaji mnaosoma hapa, ninachodai ni kidogo. Andikeni vipimo vyote viwili kwenye tangazo, yaani upana wa saa na urefu wa ncha kwa ncha, kwa sababu saa mbili za milimita 40 zinaweza kukaa tofauti kabisa kwenye mkono mmoja. Mteja akitaja kipimo, mpeni hicho au mwambieni hamna. Na mkikosea, rudisheni fedha bila kumhubiria mtu kuhusu jinsia yake.

Huyu wangu amekataa kurudisha fedha. Anasema niivae mwezi mmoja nitaizoea. Majibu yake ya maandishi ninayo, picha ya rula ninayo, na saa iko kwenye boksi lake. Karatasi ya nailoni iliyobandikwa juu ya kioo sijaigusa. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kurudishiwa fedha zake katika hali kama hii, naomba aeleze hapa alianzia ofisi gani na alitakiwa kupeleka nini.