MREJESHO: Kuzamia, maji kwenye miwani na kupaa bila kupenda

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa: nina cheti cha Open Water (cha mwanzo cha kuzamia kwa mtungi) cha hadi mita 18, ila maji yakiingia kwenye miwani napaniki, na nikikaribia juu napaa kama chupa tupu. Asanteni nyote, hasa aliyesema nipunguze risasi (vipande vya uzito) kiunoni kabla ya kulipia kozi nyingine.

Tulipima uzito huku Nungwi mwisho wa kuzamia, mtungi ukiwa na baa 50, yaani hewa imebaki kidogo. Jaketi (la kujaza hewa ili kuelea) tupu, pumzi ya kawaida, maji yanatakiwa yafike usawa wa macho. Mimi nikazama moja kwa moja! Tukatoa kilo mbili. Kumbe hewa niliyojaza kwenye jaketi kubeba uzito huo ndiyo iliyokuwa ikitanuka na kunipandisha. Sasa, kabla ya kutoka juu, natulia mita 5 kwa dakika 3 bila kushika kamba.

Miwani: nilikaa kwenye maji mafupi bila miwani, navuta kwa mdomo, natoa kwa pua, hadi nikazoea. Macho yaliwasha, lakini woga umeisha.

Teke la chura (kupiga miguu kama chura) bado limenishinda, nalalia upande. Na hewa naimaliza kabla ya mwenzangu bado.