Mimi ni keateka, nimesomea huduma ya kwanza ya afya ya akili. Nikigonga mlango, wapangaji wanadhani ni kodi

KeatekaPipeline (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Wadau, hamjambo. Nimesita kuandika haya, lakini leo silali kabla sijapata mawazo ya watu.

Mimi ni keateka, yaani msimamizi, wa ploti moja ya kupangisha huku Pipeline, Embakasi, Nairobi. Orofa saba, vyumba themanini na kitu. Mwezi uliopita kanisa letu lilileta walimu, wakatufundisha kwa siku mbili huduma ya kwanza ya afya ya akili. Nilienda kwa sababu kulikuwa na chakula, siwadanganyi, lakini nilitoka na kitu kichwani na kijitabu mkononi. Walituambia mafunzo haya yalianza Australia mwaka 2000, kazi ya mume na mke, Betty Kitchener na Anthony Jorm. Kwamba mtu akikatwa na kisu unamfunga kitambaa kabla hajafika kwa daktari, na akili nayo ikiumia kuna la kufanya kabla ya daktari. Hatua ni tano: umkaribie mtu na upime kama yuko hatarini, umsikilize bila kumhukumu, umtie moyo na umpe habari za kweli, umhimize aone mtaalamu, na umhimize atafute watu wengine wa kumshika mkono.

Darasani ilikuwa rahisi. Tuliigiza, tukacheka. Kwa ploti ni kitu kingine. Mimi ndiye ninayepita tarehe tano na kitabu cha risiti. Mimi ndiye ninayetumwa kutia kufuli mtu akichelewa. Nikigonga nikiuliza, "Uko sawa?" mtu ananijibu, "Mzee, nitatuma Ijumaa."

Sasa kuna kijana orofa ya sita. Alikuwa kibarua katika kiwanda fulani Industrial Area, wakapunguzwa. Kazi yangu inanionyesha mambo ambayo hata mamake hayaoni. Mita yake ya stima ni kama imelala, wiki ya pili sasa. Siku ya maji wote wanashuka na mitungi, yeye hashuki. Takataka hatoi. Jana mama wa chumba cha pili ameniambia kijana amempa meko yake ya gesi, bure, na kumwambia, "Mimi sitaihitaji." Deni lake la kodi ni miezi miwili, na leo mwenye ploti amenipigia: Alhamisi nifunge huo mlango.

Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua. Ya pili alifungua kidogo, nikaanza maneno ya kijitabu: "Nimeona siku hizi hauko kama kawaida yako, ungependa tuzungumze?" Akanitazama kama mtu anayesomewa notisi. "Kodi nitalipa." Akafunga.

Nifanyeje? Na hiki kijitabu mtu kama mimi anakitumia vipi?

---

NdururuTatu (saa 3:18 usiku)

Mpunguzieni kodi muone akili ikirudi. Wapangaji hawana ugonjwa, wana landilodi.

---

NesiMstaafu (saa 3:36 usiku)

Ndururu, mzaha wako una ukweli ndani, ila tuuweke kando kwanza. Keateka, soma hii halafu upande ngazi leo leo.

Hiyo meko ndiyo iliyoniondoa kitandani. Mtu kugawa vitu vyake akisema hatavihitaji ni dalili ya kutopuuzwa. Labda anapanga kuhama usiku kukwepa deni, hao mnawajua nyinyi. Lakini hujui, na njia ya kujua ni kumuuliza, wazi, kwa neno lenyewe: "Umefikiria kujiua?" Najua tumelelewa kuzunguka. Tutasema, "Usije ukafanya jambo baya." Ukizunguka na yeye atazunguka, "Jambo gani baya, mzee?" na hapo mazungumzo yamekufa. Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo. Hilo limechunguzwa kwa miaka mingi na haikuonekana kwamba swali humpandikiza mtu wazo hilo. Niliowahi kuwauliza wodini wengi walishusha pumzi, maana mtu mwingine ndiye aliyelitaja kwanza.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Muulize kama ameshapanga na ni lini. Kama humo ndani kuna kitu anachoweza kujidhuru nacho, kitoke, mkubaliane kitoke. Usimwahidi kwamba itakuwa siri yenu wawili, kwa sababu utalazimika kumwambia mtu. Pigeni 1199, Msalaba Mwekundu, simu ni ya bure. Befrienders Kenya nao wapo, 0722 178177. Ukiona usiku hautapita salama, ni hospitali usiku huo huo. Mama Lucy si mbali na kwenu na mlango wa dharura haufungwi.

Akisema hapana, kaa hata hivyo. Wiki mbili bila kula vizuri, bila kutoka, bila hamu ya kitu chochote, hiyo peke yake inatosha kumwona daktari.

Na usimsomee kijitabu! Zile hatua tano si ngazi za kupanda moja baada ya nyingine. Unaweza kuanza na ya tatu ukarudi ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2011, ule wa kumsaidia mtu aliyepatwa na mkasa, ukafupishwa kwa maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kuangalia umeshaangalia kuliko daktari yeyote. Mita, maji, takataka, mimi kliniki sikuwahi kuwa na macho kama hayo. Yamebaki mawili.

---

MtuWaTandale (saa 3:44 usiku)

Mkuu, niko Dar ila naongeza kidogo kuhusu maneno. Usimwambie ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Hospitalini ndilo neno lenyewe, mtaani atadhani umemtusi. Kule Harare kuna mabibi waliofundishwa kukaa na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, mpango wa daktari mmoja aitwaye Dixon Chibanda. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si sawasawa na letu? "Unawaza sana siku hizi, kijana wangu." Hapo mtu anafungua mdomo.

---

KimyaKimya (saa 3:52 usiku)

Naandika kama mtu aliyewahi kuwa nyuma ya huo mlango. Kayole, chumba kimoja, deni la miezi mitatu.

Mzee, shida si maneno uliyosema, maneno yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba mtu mwenye deni hasikii sentensi nzima. Anasikia hatua za viatu kwenye ngazi na moyo unaanza kupiga. Mimi nilijua viatu vya keateka wetu kutoka orofa ya kwanza. Alipokuwa akifika kwangu nilikuwa nimeshazima taa na kushika pumzi. Angekuja na malaika pembeni nisingefungua.

Aliyeniingia ni jirani aliyekuja kuomba nimshikie mtungi wa maji hadi juu. Nilishuka na ndala. Siku tatu akaja na hiyo hiyo hadithi ya mgongo, na mgongo wake haukuwa na kitu, nilikuja kujua. Siku ya nne tukakaa kwenye ngazi na akaniuliza swali hilo alilosema Nesi. Kwa hiyo hakuulizia mlangoni, na aliyeuliza hakuwa mtu mwenye kitabu cha risiti.

Lakini wewe huna siku nne. Basi taja kodi wewe, kabla yake. Sema, "Sijaja kwa kodi, na Alhamisi sifungi huu mlango." Ila usiseme kama si kweli.

---

Mkweli_254 (saa 3:58 usiku)

Mzee jihadhari. Hayo mambo ya kujiua ni ya polisi. Ukiita watu atashtakiwa, na wewe utakuwa shahidi, keateka wa watu. Ita familia yake, ujitoe.

---

NesiMstaafu (saa 4:04 usiku)

Mkweli, hiyo ilikuwa sheria, na iliwafanya watu wafiche jamaa zao nyumbani badala ya kuwaleta. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayehitaji msaada ni mgonjwa. Kuita familia ni wazo zuri, lakini "ujitoe" hapana. Mpaka familia ifike kuna mtu wa kukaa hapo.

Naye KimyaKimya amesema jambo ambalo kijitabu hakina. Keateka, mpigie mwenye ploti kwanza.

---

KeatekaPipeline (saa 4:07 usiku)

Nampigia sasa hivi.

---

NdururuTatu (saa 4:41 usiku)

Samahani kwa ile ya mwanzo. Sikuwa nimesoma hadi kwenye meko. Mzee, uko hapo?

---

KeatekaPipeline (Jumatano, saa 7:25 usiku)

Niko. Mikono inatetemeka, mvumilie nikikosea kuandika.

Mwenye ploti alianza kwa kufoka. Nikamwambia mzee, leo ni kufuli, kesho ni waandishi wa habari langoni. Sikujivunia kusema hivyo, lakini hiyo ndiyo lugha aliyosikia. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Nikaacha kitabu nyumbani. Nikapanda na chupa ya chai na vikombe viwili, na ndala, KimyaKimya, si viatu. Nikasema nikiwa bado nje, "Sijaja kwa kodi. Mlango haufungwi Alhamisi, nimeongea na mwenyewe." Kimya. Nikakaa chini kwenye korido nikamimina chai. Majirani walinipita wakidhani nimelewa. Baada ya muda, labda nusu saa, kufuli ikalia.

Lile neno, Nesi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye ngazi, orofa tatu nzima, kimoyomoyo kama mtoto anayetumwa dukani. Nilipofika kulisema likakwama. Nikaanza, "Unawaza sana siku hizi," nikanyamaza, halafu nikalisema. Hakukasirika. Alitazama kikombe akasema, "Mara nyingi." Nikamuuliza kama leo. Akasema leo pia.

Hapo mimi nilisahau hatua zote tano. Nilitaka kumwambia una mama, una maisha mbele, Mungu anakupenda. Nikakumbuka tulivyoambiwa tuache kuhubiri, nikafunga mdomo. Nafikiri nilinyamaza sana kuliko inavyotakiwa, lakini yeye ndiye aliyeujaza huo ukimya: kiwanda, deni la simu, kubeti ili alipe deni la simu. Tukapiga 1199 tukaweka spika, kisha nikatoka hadi mlangoni ili aongee. Ana kaka yake Kariobangi ambaye hakujua lolote. Alikuja na boda, wako wote ndani sasa. Tumekubaliana asubuhi ni hospitali, nami nitaenda nao.

---

NesiMstaafu (saa 7:31 usiku)

Umefanya vizuri. Sasa kunywa maji ulale. Kesho na wewe utafute mtu wa kumsimulia ulivyopitia, bila jina lake wala chumba chake. Na mama wa chumba cha pili asiambiwe lolote, hata akikuandama.

---

MtuWaTandale (saa 12:50 asubuhi)

Mkuu, nimesoma uzi huu wote nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Tupe habari.

---

KeatekaPipeline (Jumatano, saa 1:15 jioni)

Tumerudi. Foleni ilikuwa ndefu, lakini kaka yake aliwaeleza mapema kuhusu usiku wa jana, wakatupitisha mbele. Daktari ameongea naye peke yake, amempa dawa na tarehe ya kurudi wiki ijayo. Ametuambia dawa zinaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, kwa hiyo asiache na asilale peke yake kwa sasa. Atakaa Kariobangi kwa kaka yake, dawa zikiwa mkononi mwa kaka. Chumba nitakiangalia mimi.

Kuna mama wa orofa ya pili ambaye mita yake nayo haisongi. Leo nilikuwa napita tu kwenda kwangu, nikasimama. Nikamuuliza kama ana mtu wa kumbebea maji Ijumaa. Amesema hana.

---

NdururuTatu (saa 1:22 jioni)

Na meko je, imerudi?

---

KeatekaPipeline (saa 1:40 jioni)

Mama wa chumba cha pili anasema kitu cha kupewa hakirudishwi, na tayari ameshainunulia gesi mpya. Hiyo kesi ni ya kesho.