Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu kulitokea nini mpaka ukaacha shule?

Mzizi wa Mbuyu:
Wakuu, jana jioni pale Mbagala Rangi Tatu nimenunua mayai kwa dogo aliyevaa kaptula ya shule. Namuuliza anasoma wapi, anasema aliacha, baba na mama wameachana, sasa anakaa kwa mama mkubwa. Akanipa chumvi na pilipili, akakimbilia daladala nyingine. Ada imefutwa tangu Januari 2016, msingi hadi kidato cha nne, lakini kila ninayemdadisi ananipa habari za nyumbani: baba kaondoka, mama kaolewa kwingine, kapelekwa kwa ndugu. Mlioacha, na mlioponea chupuchupu, tuambieni ilikuwaje.

Korosho Chungu:
Umenigusa. Mzee wetu alikuwa na wake watatu. Kila mama na watoto wake, kila mama na daftari zake. Mama mkubwa alikuwa na mikorosho, wanawe wakafika kidato cha sita. Mama yangu alikuwa na jembe. Niliishia la saba.

Kifungua Mimba:
Sikupanga kuandika. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, Urambo, tulikuwa tunalima tumbaku. Mimi mkubwa, nyuma yangu wadogo wawili wa kiume. Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Mama akaambiwa arithiwe na baba mdogo, akakataa. Wakamwambia basi aondoke, watoto wabaki, mahari ililipwa na watoto ni wa ukoo. Hakuna aliyepiga kelele. Waliongea kwa upole kabisa, wamekaa kwenye viti vyetu, wanakunywa chai aliyoipika yeye. Mdogo wangu mmoja akapelekwa kwa shangazi Sengerema, wa mwisho kwa babu, mimi kwa baba mdogo Kahama.

Na hakuna hata mmoja aliyeniambia "acha shule". Uhamisho wangu haukufuatiliwa tu. Nikiuliza, naambiwa subiri tuuze mpunga. Mpunga ukauzwa, naambiwa subiri Januari. Mke wa baba mdogo alikuwa amejifungua, nikawa nabeba mtoto, nachota maji, napika. Watoto wao wanaondoka asubuhi na sare nilizozifua mimi.

Mwanaharusi:
Pole sana dada. Usituache hapo, ikawaje?

Baba Lao:
Tuseme ukweli. Nyumba isiyo na baba mtoto hana wa kumwogopa. Angalieni watoto wa singo maza mtaani.

Vitumbua Alfajiri:
Umesoma alichoandika dada? Kikao kile kilijaa wanaume wa ukoo mzima. Mimi nimelelewa na mama peke yake, Tanga, anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Kusoma hajui, lakini kila Ijumaa anafunua daftari zetu kuangalia wino mwekundu. Nimemaliza chuo. Baba yangu yupo hai, anaishi mtaa wa pili.

Baba Lao:
Wewe ni mmoja. Kijana wa kiume akianza kubalehe anahitaji sauti nzito.

Fimbo ya Meatu:
Kwetu baba alikuwepo na sauti nzito ilikuwepo. Hiyo sauti ndiyo iliyosema mmoja asome, wengine wachunge. Mimi nilikuwa wa kuchunga. Mahudhurio yalipozidi kuwa mabaya nikaona aibu kurudi darasani, watoto wadogo wananizidi kusoma.

Mwanaharusi:
Jamani acheni ubishi, tunamsubiri dada.

Kifungua Mimba:
Nipo. Ikaja posa. Mwanaume mtu mzima, ana ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua siku niliyotumwa kununua soda za wageni. Sikurudi na soda. Ile hela ndiyo iliyokuwa nauli yangu hadi kwa mama, alikuwa amepanga chumba Nzega, anauza mboga. Baba mdogo alikuja mara mbili kunidai. Mara ya pili mama alitoka nje na panga, akasema sogea. Hakusogea. Shule sikurudi, nilianza kuuza mboga naye.

Hakimu Mstaafu:
Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Oneni mtego: binti anatolewa shule kimyakimya kwanza, halafu ndipo posa inakuja. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi; mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono 2019.

Mjukuu wa Bibi:
Mimi fupi. Nilifanya kosa dogo nikaambiwa "usirudi bila mzazi". Mzazi ninaye wapi? Bibi alikuwa hawezi kutembea hadi shuleni. Nikakaa nyumbani kusubiri apone miguu. Ndiyo nasubiri hadi leo.

Chaki:
Mimi mwalimu. Kifungua Mimba, tangu Novemba 2021 walioacha kwa ujauzito au sababu nyingine wanaruhusiwa kurudi mfumo rasmi. Ukiona umri umekwenda, nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ufanye mtihani wa maarifa (QT) wa kukupa sifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mtaji Kwanza:
Msimdanganye. Akafungue genge kubwa, vyeti vingapi vimekaa kabatini?

Fimbo ya Meatu:
Genge analo tayari. Mwacheni asome.

Mgeni Kitandani:
Samahani naingilia. Mimi ni baba wa kambo. Kijana wa mke wangu yuko kidato cha pili, ameanza kutoroka. Nikimkanya anasema mimi si baba yake. Nyinyi mliopitia, mlitaka mtu awafanyie nini?

Mjukuu wa Bibi:
Nenda shuleni kwake kabla hujaitwa. Mjue mwalimu wake wa darasa, umwachie namba yako ya simu.

Korosho Chungu:
Hapana, mwachie mama yake aongee naye kwanza. Ukitangulia wewe atatoroka zaidi.

Vitumbua Alfajiri:
Ana baba yake mzazi? Wanaonana?

Mgeni Kitandani:
Yupo Geita, machimboni. Kijana anataka kumfuata.

Baba Lao:
Hapo wahi, mkuu. Mpigie huyo baba leo, mzungumze wawili. Akikanyaga mgodini akashika hela, daftari halishiki tena.