Naomba ushauri: tufe za kuchezea viwanja vyenye kasi ugenini

Habari zenu wanachama. Nawaomba wazoefu wa bolingi ya nyasi (mchezo wa kuviringisha tufe zikaribie kitufe kidogo cha shabaha) mnisaidie. Timu yetu ya watu wanne inakwenda kushindana New Zealand. Viwanja tulivyozoea ni vizito: tufe huchukua kama sekunde 11 kusafiri mita 27 hadi kusimama. Kule ni 14 na kuendelea, maana kwenye nyasi zenye kasi tufe husukumwa polepole na huchelewa kusimama, na kadiri tufe inavyokaa muda mrefu njiani ndivyo inavyopinda zaidi. Zangu ni za mpindo mpana, yaani zimeundwa zipinde sana zikiviringika, nahofia zitaishia njia ya jirani!

Tumejaribu kukata nyasi fupi sana na kupitisha roli kabla ya mazoezi. Kasi imeongezeka kidogo, ila mkono bado unasukuma kwa nguvu ya mazoea. Kuazima tufe hukohuko sipendi. Saizi isipokaa vizuri kiganjani, basi tena.

Je, ninunue seti yenye mpindo mdogo, au nibaki na zangu nibadilishe tu pembe ya kulenga? Na mliowahi kusafiri, tufe nne zinafika kilo 6 hivi: mlizibeba mkononi au mlizikabidhi pamoja na mabegi makubwa?

Natanguliza shukrani.