Stuttgart mpaka Venice kwa gari na mama mkwe, tule wapi tulale wapi?

Jogoo_la_Pangani:
Wakuu habari za wikiendi. Naombeni ushauri kwa mliowahi kupita hii njia. Mwezi wa tisa nataka niendeshe kutoka Stuttgart mpaka Venice, mimi, wife, watoto wawili na mama mkwe katoka Tanga kuja kututembelea. Siku sita hivi, napita Fernpass, Innsbruck, Brenner (pale milimani mpakani mwa Austria na Italia), nashukia Verona. Mwaka juzi tulienda kichwa kichwa, tukalala hoteli za pembeni ya barabara kuu zinafanana zote utadhani ni ile ile inatufuata, na kula ndo usiseme, kuna mgahawa mmoja penye watalii tulipewa tambi za baridi halafu bili ikaja kama vile tumenunua na meza. Safari hii nataka chakula cha wenyeji na gesti ya mtu sio ya kampuni. Sasa mama mkwe hali kitimoto, hata harufu yake hataki, na ikifika saa moja jioni anataka awe ameshakula. Kulala isizidi euro 150 kwa usiku sote watano. Inawezekana au nibebe jiko la gesi?

Roli_Usiku:
Mkuu jiko acha nyumbani. Brenner naipita kila wiki na roli, nakwambia ninachokijua. Kwanza stika ya Austria, ile ya kulipia barabara kuu, nunua sheli kabla ya mpaka, na ujue kwamba ile stika haigusi barabara ya A13 ya kwenda Brenner, pale unalipa tena pembeni, zaidi ya euro 10, watu wengi wanakasirikia getini bure tu.

La pili usilale Innsbruck. Vuka mpaka, shuka Vipiteno (vibao vingine vinasema Sterzing, ni mji huo huo) ingia barabara ya zamani SS12 uende polepole ukiangalia vibao vya "Zimmer frei", maana yake vyumba vipo. Hiyo sehemu ilikuwa ya Austria mpaka baada ya vita vya kwanza kwa hiyo wazee wa kule ni Kijerumani tupu, wewe na Kijerumani chako cha Stuttgart utaelewana nao vizuri kuliko Muitaliano wa Roma. Tafuta iliyoandikwa Gasthof, chini watu wanakula juu wanalala, kisha uliza Halbpension, yani kitanda, chai ya asubuhi na chakula cha usiku pamoja. Na wanapakua mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, mama mkwe atafurahi. Ila piga simu kabla, kila nyumba ina Ruhetag, siku ya kufunga jiko, nyingi Jumatatu au Jumanne, nimewahi kulala na biskuti kwa kutouliza.

Bi_Kisauni:
Huyo wa roli kasema kweli ila kitimoto kule juu ndiko nyumbani kwake, hajakwambia hilo 😂 Mimi niko kijiji karibu na Verona mwaka wa tisa sasa, kwetu Mombasa. Nduguyangu mwambie mama aepuke neno Speck popote alionapo, ni kitimoto hicho, na Knödel au canederli asile kabla hajauliza maana vile vidonge vya mkate mara nyingi vina speck ndani. Aagize Schlutzkrapfen, ndani ni spinachi na jibini tu, au Forelle, ni samaki wa mtoni.

Mkishuka huku maneno yabadilika, maiale, pancetta, guanciale, prosciutto, salsiccia, zote ni yeye yule. Na lingine ambalo wageni hawaambiwi, Verona watu wala farasi. Pastissada de caval ni mchuzi wa farasi, na ukiona asino au musso huyo ni punda. Wallahi mimi mwaka wa kwanza nilimaliza sahani ndio nikauliza.

Kwa kulala tafuta agriturismo. Ni shamba la mtu, na sheria yao tangu 1985 yataka awe mkulima wa kweli, wageni ni nyongeza tu, kwa hiyo wala alicholima na alichofuga. Nyumba ya watano nje ya mji kwa bajeti yako wapata mwezi wa tisa, Garda pale ziwani ndio usijaribu, rudi nyuma kilomita kumi kumi na tano bei yashuka. Nyama yao si ya halali lakini, kwa hiyo ni samaki, mboga, na tortelli za malenge kama wa kule Mantova. Na polenta! Mama ataijua mwenyewe akiiona. Nyama iliyochinjwa mtaipata Mestre, karibu na stesheni Wabangladeshi wamejaa, laleni huko na gari liacheni huko, treni mpaka Venice ni kama dakika kumi.

Menyu ikiwa na kinyota pembeni ya chakula, soma chini, kwa kawaida ni surgelato, kimegandishwa kwenye friza. Coperto euro mbili tatu kwa kichwa si wizi, ni ada ya kukaa mezani. Na ZTL tafadhali, sehemu za mji magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia! Duara jekundu mlangoni mwa mji wa kale, ukiona "attivo" kamera iko kazini usiingie hata kama ramani yakwambia nenda. Barua ya faini ina mpaka siku 360 ya kumfikia anayekaa nje ya Italia.

Mla_Kiporo:
Punda?? Jiko la gesi libebe mkuu 😂😂

Jogoo_la_Pangani:
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Vipiteno tulipata Gasthof ya bibi mmoja, euro 140 na chai juu, chakula cha usiku tukalipa mbali. Mama mkwe zile Schlutzkrapfen kazigeuzageuza akasema hizi ni sambusa wamesahau kuzikaanga, lakini alikula sahani mbili. Karibu na Mantova shambani ikaja polenta, akaibonyeza kwa kidole, akauliza ugali huu mbona wameutia manjano, nikamwambia ni mahindi ya njano hayo mama, akanawa mikono akaanza kukata matonge na samaki wake, wenye nyumba wanamwangalia tu, mwisho mzee wa nyumba naye akaweka uma pembeni. Siku hizi kila jioni ananiuliza wale wa ugali wa njano hawajambo.

Dada wa Kisauni, ile duara jekundu Verona niliiona. Niliiona nikiwa nimeshaipita. Ilikuwa tarehe 14, nahesabu siku.